Kona ya Ukurasa wa Namba Mbili

Neno lenyewe ni moja. Nililiandika mara tatu kwa wino wa bluu, kwenye kona ya chini ya ukurasa usiokuwa wangu: Nimeruka. Mama yangu alilisoma mara mbili kwa macho yake mwenyewe. Mara ya tatu hakuliona, maana niliwahi kulikata. Nimejaribu kuyaandika haya tangu zamani na kila nikianza naona kama najitetea. Leo nitayaandika yalivyokuwa. Nikikosea mahali, ni kwa sababu nimesahau. Nia ya kuficha sina.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa nakaa Uyole kwa kaka yangu, aliyekuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya utafiti. Nilikuwa na miaka ishirini na minne hivi. Nilikuwa nimetoka kwenye ndoa Makambako. Sitaeleza ndoa ile hapa kwa sababu mwenzangu hayupo kusema upande wake. Nilirudi kwanza kwa mama, kijijini ng'ambo ya Tosamaganga, nikakaa miezi miwili. Baba alikuwa ameshafariki, na mwenye sauti pale nyumbani alikuwa baba mdogo. Akasema mwanamke aliyeacha mume hawezi kukaa tu pale kama mgeni asiye na siku ya kuondoka, niende kwa kaka mpaka mambo yaeleweke. Hakusema kwa ukali. Ndivyo watu walivyofanya.

Mama alinisindikiza hadi stendi ya Iringa. Tulikaa juu ya gunia langu la viazi tukingoja basi. Nilimwambia kwamba nitarudi siku yoyote atakayoniita. Akasema, "Nitakuita. Lakini nitakuita mwenyewe. Sitatuma mdomo wa mtu."

Mimi nililichukua neno lile kama lilivyo. Mama hakujua kusoma wala kuandika, na barua zote za pale nyumbani zilisomwa na baba mdogo kwa sauti, mbele ya watu. Kwa hiyo sikumwandikia. Nilifikiri siku moja atapanda basi aje, asimame mlangoni aniite. Nikawa nangoja. Asubuhi nachota maji, nawasha moto, nawapikia watoto wa kaka uji, nakwenda shambani na wifi, narudi, napika tena. Nililala chumba cha magunia ya mahindi. Wifi hakunitesa hata siku moja, hilo lazima niliseme. Lakini nyumba ya mtu ni ya mtu. Hata kukohoa unakohoa kwa kujipima. Mchana nikisimama barabarani naona mabasi ya Iringa yakipita, nilikuwa najua saa zao kuliko kondakta.

Kilichonipa pumzi wakati ule ni Buku.

Buku lilianzishwa na karani mmoja wa ghala mjini Iringa. Tulikuwa watu saba, wengi wakiwa wamejuana kwa kuandikiana, wale marafiki wa kalamu wanaopatana magazetini. Karani akaona badala ya barua saba kupishana njiani, afadhali kitu kimoja kizunguke. Akatafuta kaunta buku nene, lile lenye jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, akaligawa sehemu sehemu. Likawa linasafiri kwa mabasi ya barabara ya Zambia, limefungwa kwa kamba ya katani ndani ya karatasi ya kaki, kutoka mtu hadi mtu. Kwangu lilishushwa kwenye hoteli ya chai pale Uyole. Kila mtu alikaa nalo siku tano, na mzunguko mmoja ulichukua mwezi na nusu hivi. Majina hatukutumia. Karani ndiye Namba Moja, mimi nilikuwa Namba Sita.

Kurasa za mwanzo zilikuwa za kujieleza. Kila mmoja alikuwa na Ukurasa wa Mtu: umri, kazi, elimu, anachopenda, asichopenda, na picha ya pasipoti kama anayo. Sharti la Namba Moja lilikuwa kwamba kilichoandikwa hapo hakifutwi. Unaweza kuongeza chini, lakini kukata hapana. Alisema mtu anayejifutafuta hawezi kuaminika. Sasa sharti lile lilikuwa na vituko vyake. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na tisa mwaka wa kwanza, na mwaka wa tatu pia alikuwa na ishirini na tisa. Namba Nne, mama mmoja mlimaji wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni, aliandika kwamba anapenda kuogelea. Tukamuuliza anaogelea wapi, na mto wao umejaa mamba. Akaongeza chini: "Nilisema napenda. Sikusema naogelea." Mwingine alibandika picha ya shemeji yake kwa sababu shemeji alikuwa na tai.

Na mimi, kwenye elimu, niliandika darasa la saba.

Ukweli niliishia la tano. Sijui kwa nini niliandika vile. Nadhani ni kwa sababu wa juu yangu alikuwa ameandika darasa la kumi na mbili kwa mwandiko mzuri, na mkono wangu ukaona aibu kabla kichwa hakijafikiri. Ningeweza kuongeza chini, "Samahani, ni la tano." Nafasi ilikuwepo. Mizunguko miwili ilipita na nafasi ile ikiwa nyeupe, mpaka mwenzangu akaijaza.

Huyo ni Namba Mbili. Alikuwa mwalimu, na si mwalimu wa mbali. Alinifundisha mimi mwenyewe kusoma, kijijini kwetu, na wakati huu alikuwa bado yuko pale pale, mchana anafundisha watoto, jioni anafundisha kisomo cha watu wazima. Ndiye aliyeniingiza kwenye Buku nilipokuwa kwa mama ile miezi miwili. Buku liliporudi kwangu nikakuta chini ya ukurasa wangu, kwa wino mwekundu kama wa kusahihishia: "Namba Sita alikuwa mwanafunzi wangu. Aliacha shule darasa la tano, na alikuwa na akili. Tuandike ukweli."

Pembeni yake, watu wanne walikuwa wameshaandika Nimesoma na namba zao.

Maana hilo nalo lilikuwa sharti. Ukimaliza ukurasa wa mtu, unaandika Nimesoma kwenye kona ya chini na namba yako, ili mwenyewe ajue maneno yake hayakuanguka chini. Na kulikuwa na sharti jingine, nyuma kabisa ya Buku, ambapo Namba Moja alichora mistari na kuandika juu yake "Orodha ya Kufungiana." Mtu akikuchosha, unaandika pale: mimi namba fulani nimemfungia namba fulani. Tangu siku hiyo hutasoma kurasa zake. Ukizifikia unaandika kwenye kona Nimeruka, na unaendelea. Yeye yako anasoma kama kawaida, na akitaka kukujibu anajibu, ila wewe huoni. Na wenzenu wamekatazwa kukupelekea maneno yake, kwa sababu, alisema Namba Moja, kufungia kutakuwa na maana gani kama maneno yanapita dirishani.

Kufungua kulikuwa na njia mbili tu. Aidha Buku lijae, hapo orodha yote inakufa na Buku jipya linaanza bila kinyongo. Au uandike mbele ya wote: nimemfungulia namba fulani kwa sababu hii na hii. Sababu ilikuwa lazima.

Nilimfungia Namba Mbili siku ile ile. Niliandika kwa haraka hadi nibu ikachana karatasi. Jioni hasira ilikuwa imeshapoa, nikaona nilichofanya. Kumfungua ningetakiwa kuandika sababu, na sababu ya haki ilikuwa moja: alisema kweli. Ningeandika nini kingine? Nilijaribu kwenye daftari langu la siku zote. Bado ninalo, na ukurasa ule una mistari tisa iliyokatwa. Niliandika, "Nimemfungulia kwa sababu ni mzee wangu." Nikakata, kwa sababu sikumfungia kwa uzee wake. Niliandika, "kwa sababu nimemsamehe." Nikakata, kwa sababu hakunikosea. Basi nikabaki nimejifungia mwenyewe, nahesabu kurasa zilizobaki kama mtu anayehesabu siku za kutoka.

Na kwa kuwa nilikuwa nimesaini, nikaamua kulishika sharti vizuri, angalau hilo. Wengine waliofungiana walikuwa wanachungulia, najua. Mimi nilichukua karatoni ya sabuni, nikaikata iwe kubwa kama ukurasa, nikatoa pembe moja chini kulia ili nipate pa kuandika. Nikiona namba mbili juu ya ukurasa, naweka karatoni kabla jicho halijashuka, naandika Nimeruka, nafunua mbele. Wifi alinikuta hivyo uani, nimeketi kwenye kigoda.

"Hiyo karatoni inafunika nini?"

"Ukurasa wa mtu."

"Alikufanya nini?"

"Alisema kweli."

Wifi aliweka ungo chini ili acheke vizuri. "Sasa si wewe ndiye wa kufungiwa? Inua tu usome. Nani anakuona hapa, kuku?"

Nikamwambia nimetia sahihi. Akasema, "Haya, mama hakimu," na tangu siku hiyo likawa jina langu pale nyumbani. Mama hakimu, chumvi imeisha. Mama hakimu, mtoto analia.

Mara ya kwanza kuitumia karatoni ile, mwezi wa Juni, baridi ya Uyole ikichoma majani ya viazi, Buku lilikuja na jambo geni. Nilifunika ukurasa wa Namba Mbili, nikaandika neno langu, nikaenda kwa wengine. Nikakuta wote wanamjibu. Namba Nne alikuwa ameandika: "Hongera sana huyo mama. Mimi nilijifunza kushika kalamu nikiwa na wajukuu, nayajua machungu yake." Mwingine akaandika kwamba mkono wake una nguvu, unaonekana ni mkono wa jembe. Namba Moja naye akaandika, kwa ule urasmi wake, kwamba ukurasa ni wa mwenye namba, na lililo juu yake huhesabiwa ni la mwenye namba, hata kama kalamu ilishikwa na mwingine.

Ndivyo ilivyokuwa unapomfungia mtu. Maswali huyaoni, majibu unayaona. Ni kama kukaa chumba cha pili na watu wanaongea, unasikia kicheko tu. Nilielewa kwamba mwalimu amemruhusu mama mmoja wa kisomo aandike kwenye ukurasa wake. Kijijini kwetu akina mama wa kisomo walikuwa kama arobaini. Nikajiuliza ni nani kati yao. Nilimfikiria jirani yetu mfinyanzi. Nilimfikiria mke wa baba mdogo. Mama yangu nilimpita haraka, kwa sababu nilipoondoka alikuwa akisema kisomo ni kazi ya watu wasio na shamba.

Mzunguko uliofuata yalikuja majibu ya sauti nyingine. Walikuwa hawapongezi tena. Mmoja aliandika, "Mama, subira." Mwingine aliandika, "Kuhama ni kazi, Mungu akutie nguvu." Hapo nilishtuka kidogo, maana nilikuwa nimesikia kwa kaka kwamba watu wa kwetu nao wanahamia kijiji kipya, nyumba zipangwe kwa mistari kando ya barabara, kama ilivyokuwa kila mahali mwaka ule. Nilijiuliza mama amepangiwa wapi. Kisha nikafika kwa Namba Nne, ambaye hakuwa mtu wa mafumbo, akawa ameandika: "Wapo watu wanaoruka kitu wasichokijua. Sisemi zaidi, nisije nikafungiwa na mimi."

Nililichukua kama kijembe. Nilimjibu, na jibu langu bado ninalikumbuka kwa aibu: "Kila mtu ajichunge ukurasa wake, dada, na mamba wake."

Hakunijibu. Ninaona leo kwamba alikwenda hadi mwisho wa ruhusa aliyokuwa nayo, hatua ya mbele yake ingekuwa kuvunja sharti. Sitamlaumu. Mimi nilikuwa nashika sharti kuliko wao wote, ningemlaumuje mtu kwa kulishika.

Mzunguko wa tatu Buku lilinifikia likiwa limebaki kurasa mbili. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, mchana, mawingu yameanza kukusanyika upande wa milimani lakini mvua bado. Nilifunika ukurasa wa Namba Mbili kwa karatoni, ambayo kwa wakati huo ilikuwa imelainika kingo kama kitambaa, nikaandika Nimeruka. Nikasoma wengine. Safari hii hakuna aliyemwandikia chochote yule mama, nikaona ajabu. Kisha nikaandika ya kwangu: habari za baridi, habari za mtoto wa kaka kung'oka jino. Maneno yalikuwa machache, nikayavuta kwa herufi kubwa, nikaandika hata orodha ya mbegu tulizochagua. Nilikuwa nataka kulijaza, nisifiche. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa mwisho niliandika jina la mbegu ya maharage.

Buku limejaa. Orodha ya nyuma imekufa. Nilikuwa huru kumsoma Namba Mbili bila kutoa sababu, bila kukiri kitu mbele ya mtu.

Nikaitupa karatoni kando nikarudi nyuma hadi mwezi wa Juni.

Ukurasa haukuwa na mwandiko wa mwalimu ila mstari mmoja juu: "Leo nampa nafasi mwanafunzi wangu wa kisomo." Chini yake, kwa penseli, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, zimekandamizwa hadi zimetokeza upande wa pili wa karatasi:

MWANANGU. NI MIMI MAMA YAKO WA UYOLE. NAANDIKA MWENYEWE. HAKUNA MDOMO WA MTU. NJOO.

Alimaanisha mama yako, wewe wa Uyole. Lakini nilimwelewa. Kwenye kona, chini ya Nimesoma za watu watano, kulikuwa na mwandiko wangu mzuri wa bluu: Nimeruka, 6. Na chini ya neno langu, kwa penseli: NIMEONA.

Ukurasa wa mwezi wa Agosti ulikuwa mrefu zaidi. Aliandika kwamba wanahama, kwamba ameomba asimamishiwe nyumba ya vyumba viwili, kimoja changu, na baba mdogo amekubali. Niende kabla ya kupanda. Kwenye kona: Nimeruka, 6. Na chini yake tena: NIMEONA.

Wa tatu, ambao wino wangu ulikuwa haujakauka vizuri, ulikuwa na mstari mmoja tu.

CHUMBA NIMEMPA MJANE. ANA MTOTO.

Nilichukua wembe nikakikata kipande cha kona ya ukurasa huo wa tatu chenye neno langu. Najua nilivunja sharti la kutofuta. Nililivunja baada ya Buku kufa, sijui kama hiyo inahesabika. Wifi alikuja akanikuta, akachukua Buku mikononi mwangu. Yeye kusoma ilikuwa ya kuungaunga, lakini zile herufi kubwa alizimudu. Alisoma akitembeza kidole. Hakuniita mama hakimu. Aliniambia basi la asubuhi halijai siku za katikati ya juma.

Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara, nyumba za miti na udongo mbichi, zimesimama kwa mstari kama watoto wa shule. Nilimkuta kwanza mwalimu, maana nilikuwa na Buku na yeye ndiye angelipeleka kwa Namba Moja. Alikuwa chini ya paa la nyasi lisilo na kuta, anafuta ubao. Nilimwamkia. Akaniomba radhi kabla yangu, jambo ambalo sikulitegemea. Alisema alimwonya mama kwamba mimi simsomi, namba yake iko kwenye orodha. Mama akamjibu, "Amekufungia wewe. Anayeandika ni mimi." Mwalimu akaona ni kweli, hata kama sharti lilisema vingine, na akaamini kwamba nikiuona mwandiko wenyewe nitasimama.

"Sikujua kama huangalii hata kidogo," alisema. "Watu wote wanachungulia."

Nilimwomba radhi na mimi. Nikamwambia ni darasa la tano. Akasema anajua.

Mama alikuwa anapura maharage ya akiba nje ya nyumba, na mwanamke mmoja mwembamba, mjane mwenyewe, amekaa mkabala naye na mtoto mgongoni. Niliwaamkia kwa kikwetu, kamwene, wakaitika wote wawili. Mama hakuacha kupura. Aliniuliza habari za kaka, za wifi, za watoto, mmoja mmoja kwa zamu, kama anavyoulizwa mgeni. Mjane akainuka akaenda kunichotea maji. Ndipo nikasema.

"Mama, sikuona."

"Neno lako lilikuwepo pale. Mwandiko wako naujua, mwalimu alinionyesha wa kwako wa zamani."

"Nililiandika bila kuona."

"Nilisoma mwenyewe," alisema mama. "Sikusomewa na mtu."

Na kitu kibaya kuliko vyote ni kwamba aliposema hivyo nilisikia anajivuna kidogo. Neno la kwanza alilosoma bila kusaidiwa, mwalimu aliniambia baadaye, lilikuwa hilo. Alilitamka kwa herufi, ni, me, ru, ka, darasa zima likampigia makofi kabla hawajaelewa ni neno gani.

Nilikuwa nimekuja na karatoni. Sijui nilifikiri itanisaidia nini. Niliitoa kwenye mkoba nikamwonyesha inavyowekwa juu ya ukurasa, na pembe ile iliyo wazi. Mama alifuta mikono, akaipokea, akaigeuza. Akaiweka juu ya Buku mwenyewe, akatazama kona. Kisha akanirudishia.

"Umeikata vizuri," alisema.

Nilikaa siku mbili, nikalala kwa baba mdogo. Sikumwomba mama amtoe mjane, wala yeye hakunitajia. Mjane alikuwa amefiwa mwezi wa kuhama, mtoto ana kifua, na chumba alipewa kwa neno la mama mbele ya watu. Haikuwa haki mtu aliyeitwa mara mbili asiende, halafu aje amwondoe aliyekubali mara moja. Nililiona hilo wazi na kuliona hakukunipunguzia chochote. Siku ya tatu nilirudi Uyole, kwenye chumba cha magunia.

Buku jipya lilianza mwezi uliofuata. Kwenye ukurasa wangu niliandika darasa la tano kabla ya umri. Kulikuwa na Namba Nane, kwa penseli. Umri: SIJUI. Kazi: JEMBE. Anachopenda: KUSOMA. Asichopenda hakujaza. Nilikwenda nyuma haraka kuangalia Orodha ya Kufungiana, ilikuwa tupu. Hakunifungia. Ningekuwa yeye sijui ningefanyaje.

Mzunguko huo wa kwanza niliandika ombi langu pale pale, mbele ya wote. Niliona kama nilikuwa nimengoja kuitwa mpaka wito ukanipita, basi safari hii niombe. Niliandika: "Namba Nane, naomba kuja nyumbani. Nitalala popote." Niliifunga kamba ya katani kwa mikono yangu, nikampa kondakta, nikaanza kuhesabu mwezi na nusu.

Liliporudi, kwenye kona ya ukurasa wangu walikuwepo wote. Nimesoma, Nimesoma, Nimesoma. Namba Nne alikuwa ameongeza, "Nimesoma, dada, na mamba wananiambia nikusalimie," nikajua amenisamehe. Mwishoni, kwa penseli: NIMEONA, 8. Kwa kurasa za wengine wote mama aliandika Nimesoma kama sisi. Kwangu tu aliandika Nimeona. Nililiomba tena ombi lile lile, kwa maneno yale yale, nisionekane nabadilisha. Mzunguko wa pili likarudi hivyo hivyo. Wifi alikuwa anaujua mzunguko kuliko mimi sasa. Siku ya basi ananitangulia hotelini, anafungua kamba yeye, anatafuta penseli kwa kidole, halafu anatikisa kichwa.

Mzunguko wa tatu ulikuja wakati wa kupanda maharage. Wifi alifika kutoka hotelini akitembea polepole, Buku limefunguliwa mikononi kama anavyobebwa mtoto aliyelala. Kwenye kona yangu ilikuwa imeandikwa NIMESOMA, 8, na maneno yaliyobaki hayakuenea kwenye kona, yalikuwa yamepanda pembeni ya ukurasa kwenda juu, yakinipita mimi na wenzangu:

UJE NA JEMBE LAKO. HAPA YAPO MAWILI TU.

Wifi alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na jembe lake, lile lenye mpini mpya, akalisimamisha ukutani karibu na mlango wa chumba cha magunia. Nilimwambia siwezi kuchukua la kwake, atalimia nini. Akasema nisimhukumie na yeye kesi, niende nikafunge nguo.